Nyuma ya 'mtandao uko chini': malipo yako hukwama wapi?

MFANYABIASHARA amepakia vitunguu Mang'ola, wilayani Karatu, na gari liko tayari kwa safari ya Namanga. Kibali ameshaomba, ankara imetoka na kontroo namba anayo kwenye simu. Analipa, na dakika hiyo hiyo kampuni ya simu inamtumia ujumbe kwamba malipo yamefanikiwa.

Akienda kuchukua kibali anaambiwa ankara yake bado haijalipwa. Anaonyesha ujumbe wa simu. Jibu analopewa ni lile linalojulikana na kila Mtanzania: mtandao uko chini, subiri.

Jioni inaingia. Dereva anadai posho ya kulala, na mnunuzi upande wa pili anapiga simu kuuliza. Wengine wakifika hapo hukata tamaa, wakaomba kontroo namba nyingine na kulipa mara ya pili.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini mkulima au mfanyabiashara aliyewahi kulipia leseni, kodi ya ardhi au kibali cha mazao anaijua hali hiyo. Swali ni hili: fedha zimekwenda wapi, na nani anapaswa kubeba hasara ya kusubiri?

Tulikotoka

Tanzania ilianza kutumia mfumo wa serikali wa malipo kwa njia ya kielektroniki, GePG, mwaka 2017. Lengo lilikuwa kuondoa fedha taslimu mikononi mwa watoza ushuru na kuzifanya zote zipite kwenye mlango mmoja unaoonekana. Mwaka 2019 ikatungwa Sheria ya Serikali Mtandao, na mifumo ya taasisi za umma ikazidi kutakiwa kuzungumza badala ya kila mmoja kukaa kivyake.

Faida zake si za kubishania. Zamani mtu alilipa ushuru akapewa risiti ya kuandikwa kwa mkono, asijue kama nakala iliyobaki kitabuni ina kiasi kile kile. Leo namba yenye tarakimu 12 inamfunga mlipaji, taasisi na benki katika ankara moja.

Hata hivyo, kila palipo na mifumo miwili inayozungumza pana kiungo, na tatizo hukaa kwenye kiungo hicho. Neno 'mtandao' limekuwa gunia la kutupia kila kosa, wakati mara nyingi intaneti yenyewe haina shida yoyote.

Barua inayokwenda na kurudi

Mifumo hii hupelekeana barua zilizoandikwa kwa utaratibu uitwao XML, uliopitishwa kuwa kanuni ya intaneti mwaka 1998. Usiogope jina. Fikiria ghala ambamo kila gunia lina lebo mbili, moja inayosema linaanzia hapa na nyingine inayosema linaishia hapa. Kati ya lebo hizo kuna kitu kimoja tu: jina la mlipaji, au kiasi, au tarehe ya mwisho ya kulipa.

Mfumo wa taasisi huandika barua yenye ankara yako, huitia saini ya kielektroniki, kisha huipeleka GePG. GePG hujibu kwamba barua imefika. Angalia, jibu hilo bado si kontroo namba. Namba huja baadaye katika barua nyingine, ambayo GePG huipeleka yenyewe kwenye mlango wa mfumo wa taasisi.

Unapolipa kwa benki au kwa simu, benki au kampuni ya simu huiuliza GePG kama namba hiyo ipo na inadaiwa kiasi gani. Malipo yakipokewa, GePG hupeleka barua ya tatu kwa taasisi: ankara fulani imelipwa. Taasisi ikiipokea ndipo ankara yako inapobadilika na kusomeka imelipwa.

Hapa ndipo penye fumbo la mfanyabiashara wetu wa vitunguu. Fedha zilitoka na GePG ilijua. Barua ya tatu ndiyo iliyokosa kuingia mlango wa taasisi, au iliingia ikapotelea ndani.

Mahali barua inapokwama

Kwanza ni mlango wenyewe. Mafundi wengi huusanidi mfumo kama mtumaji tu, wakasahau kwamba nao unapaswa kupokea. Seva ikihamishwa, anwani ikibadilika au ukuta wa ulinzi ukifungwa bila kuwaarifu wa upande wa pili, barua hugonga mlango usiofunguliwa. Ankara zitaendelea kutoka, lakini malipo hayatasomeka.

Pili ni saini. Saini ya kielektroniki hukokotolewa juu ya maandishi yale yale yanayotumwa, herufi kwa herufi. Programu ikiongeza nafasi moja tu baada ya kusaini, saini hailingani tena na barua hukataliwa. Cheti kinachothibitisha saini nacho kina tarehe ya kuisha. Siku kinapoisha, mfumo uliofanya kazi vizuri jana unagoma asubuhi, na watu wanasingizia intaneti.

Tatu ni uandishi wa barua. Kiasi kikiandikwa na koma katikati, au tarehe ikianza na siku pale ilipotakiwa kuanza na mwaka, mpokeaji ataikataa. Ipo pia alama ya '&' ambayo maduka mengi huitumia kwenye majina yao. Katika XML alama hiyo ina kazi maalumu, hivyo fundi asipoibadilisha kwa namna inayotakiwa, barua nzima haisomeki. Mteja mwenye jina la kawaida atapita, na jirani yake mwenye '&' kwenye jina la duka atazungushwa wiki nzima bila mtu kujua sababu.

Nne ni kukiri kabla ya kuhifadhi. Mfumo mbaya hujibu 'nimepokea' kwanza, kisha hujaribu kuandika malipo kwenye kumbukumbu zake. Umeme ukikatika katikati, GePG inaamini kazi imekwisha na taasisi haina habari. Mfumo mzuri huhifadhi kwanza, ndipo ukakiri.

Tano ni kurudia bila akili. Jibu likichelewa, programu hutuma tena. Ikituma ankara ile ile kwa namba mpya ya ndani, mteja mmoja atakuwa na madeni mawili. Dawa yake ni rahisi: ombi linalorudiwa libaki na namba yake ya awali, ili mpokeaji atambue kuwa ni lile lile.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mashine mpya. Yanahitaji fundi makini, majaribio kabla ya kuanza kazi, na mtu wa kuangalia kila siku.

Anayesubiri ndiye anayelipia

Watetezi wa mifumo hii husema kosa hurekebishwa. Ni kweli. Utaratibu una kipengele cha kulinganisha hesabu, ambapo taasisi huomba orodha ya malipo ya siku iliyopita na kuioanisha na ankara zake. Malipo yaliyopotea njiani yanapaswa kuonekana hapo.

Lakini kulinganisha hufanyika baada ya siku kwisha, na vitunguu, nyanya au maziwa havina subira hiyo. Kwa taasisi, siku moja ni mstari kwenye taarifa. Kwa mwenye mzigo, siku hiyo inaweza kuwa faida yote ya msafara.

Ndiyo maana ni vigumu kukubali kwamba hasara yote ya kiungo kibovu imwangukie mlipaji. Yeye ametimiza wajibu wake mara fedha zilipopokewa na benki au kampuni ya simu. Barua kuchelewa kati ya ofisi mbili si kosa lake, kama ambavyo zamani haikuwa kosa lake mhasibu alipochelewa kupeleka kitabu makao makuu.

Yapo mambo mawili ambayo taasisi zinaweza kuyafanya bila kusubiri bajeti kubwa. La kwanza, saa ya malipo ihesabiwe kuwa ile iliyo kwenye uthibitisho wa benki au simu, siyo ile ambayo barua iliingia ofisini. Anayelipa siku ya mwisho asitozwe faini kwa ucheleweshaji asioufanya.

La pili, kila kituo kinachotoa huduma ya mazao yanayooza kiwe na ofisa mwenye uwezo wa kuthibitisha malipo kwa namba ya muamala na kuruhusu mzigo uondoke. Wapo watakaosema mlango huo utafunguliwa kwa rushwa. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu kila ruhusa ya namna hiyo iandikwe na ilinganishwe kesho yake na orodha ya GePG. Ofisa aliyeruhusu malipo hewa ataonekana ndani ya saa 24.

Nawe sasa una mfumo

Jambo hili haliishii serikalini. Mashine za risiti za EFD zilianza nchini mwaka 2010, na sasa ipo njia ya VFD, ambapo programu ya kompyuta au simu hufanya kazi ya mashine na kupeleka risiti TRA kwa barua za XML zilizotiwa saini. Vyama vya ushirika na maduka ya pembejeo yananunua programu za mauzo zinazounganishwa kwa njia hiyo.

Kiungo kikisanidiwa vibaya, risiti itachapwa dukani bila kufika TRA. Mteja akiihakiki haioni. Kama ni kampuni iliyosajiliwa VAT na inahitaji risiti hiyo kwenye hesabu zake, itakurudia wewe, wala haitamtafuta fundi.

Kabla ya kumlipa fundi fungu la mwisho, mwulize maswali matano.

Je, intaneti ikikatika, risiti zinasubiri kwa mpangilio na kutumwa zenyewe ikirudi, au zinapotea? Mwambie azime intaneti mbele yako, auze bidhaa tatu, kisha aiwashe.

Je, naonaje risiti au malipo yaliyokataliwa? Kama hakuna ukurasa unaoonyesha yaliyokwama na sababu yake, mfumo haujakamilika.

Je, cheti kinaisha lini, na nani atanikumbusha? Tarehe hiyo iandikwe ukutani pamoja na ya leseni.

Je, funguo za saini zinatunzwa wapi? Mwenye funguo anaweza kutoa risiti kwa jina lako. Zisitumwe kwa WhatsApp wala kubaki kwenye kompyuta ya fundi aliyekwishaondoka.

Je, tumetoka kwenye mazingira ya majaribio? Risiti inayokwenda kwenye seva ya majaribio hufanana na ya kweli, lakini haihesabiki.

Watakuambia kwamba mifumo mipya inaacha XML na kutumia JSON. Ni kweli kwa mingi, ila kitakachobadilika ni namna ya kufunga magunia tu. Saini, mlango wa kupokea, kurudia na kulinganisha hesabu vitabaki vile vile.

Nini cha kufanya leo

Kwa mlipaji, ushauri ni mfupi. Ukishalipa na fedha zikakatwa, usikimbilie kuomba kontroo namba nyingine. Tunza ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala, mpe ofisa namba hiyo pamoja na kontroo namba, na umwombe aitafute kwenye orodha ya malipo ya GePG. Andika saa uliyolipa na saa uliyofika ofisini.

Ukiambiwa mtandao uko chini, uliza kwa upole: ni intaneti iliyokatika, au ni taarifa ya malipo ambayo haijaingia? Ni maswali mawili tofauti, na kila moja lina mtu wake wa kulijibu.

Mfanyabiashara wa Mang'ola hawezi kuitengeneza seva ya mtu. Ila akijua kwamba fedha zake hazikupotea, na kwamba barua moja ndiyo inayotafutwa, hatalipa mara mbili. Na ofisa anayeulizwa kuhusu barua hiyo atakuwa na sababu ya kunyanyua simu na kuitafuta kabla gari halijalala njiani.