Pepo Hapewi Kipaza Sauti

Wapendwa, tunawakemea wanaokwenda kwa mganga kuita mizimu, kama Sauli alivyokwenda Endori (1 Sam. 28). Vema. Lakini katika mikesha yetu hapa Lufingo, binti akianguka, mtumishi humsogezea kipaza sauti: “Wewe nani? Nani amekutuma?” Pepo anamtaja bibi wa jirani, nasi tunaitikia Amina! Tangu lini baba wa uongo akawa shahidi? Hiyo ina tofauti gani na ramli? Kapernaumu, Yesu alimfumba pepo kinywa (Mk. 1:25). Kwa Wagerasi aliuliza jina, kweli, hakuuliza aliyemtuma. Na yule bibi, anayeshiriki nasi Meza ya Bwana, kesho atapita njia ipi kwenda shambani kwake?