Nani Aijaribu, Mteja?

Haya jamani, leo nina la moyoni. Kila nikizungumza na wabunifu wa sakiti nasikia wimbo uleule: vipimo vya ndani vinakula nafasi kwenye chipu, vinaongeza gharama, na mteja havioni. Huo ni uvivu uliovaa suti.

Tupige hesabu kidogo, msinikimbie. Chukua sakiti yenye pini 25 za kuingizia na seli 50 za kumbukumbu. Ukitaka kuijaribu katika kila hali inayowezekana, unahitaji majaribio 2 kipeo cha 75. Fanya milioni moja kila sekunde, utamaliza baada ya miaka zaidi ya bilioni moja. Na hiyo ni sakiti ya kitoto! Chipu ya simu yako ina transista mabilioni.

Dawa ni ya zamani. IBM waliitumia tangu miaka ya 1970: seli zile za kumbukumbu zinatungwa kama shanga kwenye uzi. Wakati wa kupima unasukuma 0 na 1 zako upande mmoja, unaiacha sakiti ifanye kazi mpigo mmoja, halafu unavuta majibu upande wa pili. Basi. Mwaka 1990 ikaja kanuni ya IEEE 1149.1, maarufu kama JTAG, na sasa nyaya nne tu zinatosha kukagua viungio vya bodi.

Nafasi inaliwa, sikatai. Lakini wahandisi wenyewe wana makadirio yao kwamba hitilafu iliyoponyoka hatua moja hugharimu mara kumi hatua inayofuata. Hatua ya mwisho ni mfuko wako na wangu.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki: kiwanda kinautumia mlango huo, kikishauza kinaupiga kufuli. Mafundi wetu wamefufua simu zilizokwisha kuitwa maiti kwa nyaya hizohizo za JTAG. Mkiwauliza wenye viwanda, wanasema usalama, mwizi atasoma siri zako. Kweli, mlango wazi ni hatari. Basi wekeni ufunguo, na data ifichwe kwa msimbo ili hata akiichota aambulie vurugu tupu. Kuunguza fyuzi ndani ya chipu ili asipite mtu milele, hapo mnalinda siri zangu au mauzo yenu?

Mbunifu unayepita hapa, nipinge. Ila njoo na hesabu.