Mambo ya Nyumbani: Siku za Mfuko Kufungwa

 

Mtakumbuka ya kuwa miezi mitatu iliyopita tuliwapa habari za jambo tulilolianza hapa petu Muheza, sisi wa nyumba sita za jirani, tukawaalika na ninyi mlijaribu. Jambo lenyewe ni hili: kila mwezi twachagua siku 8, na katika siku hizo hatununui kitu cho chote. Mfuko wafungwa asubuhi, wala haufunguliwi mpaka kesho yake. Siku hizo twaziita siku za mfuko kufungwa. Tangu hapo tumepata barua zenu, na nyingi zauliza neno moja: “Siku ya kwanza tuliweza, ya pili tuliweza, ya tatu tukaanguka. Tufanyeje?” Mwezi huu twataka kulijibu neno hili, na ili tulijibu kwa kweli, hatuna budi kuwasimulia aibu yetu wenyewe.

Kwanza tuwakumbushe sababu ya kazi hii. Fedha za nyumbani mara nyingi haziibiwi na mwivi, wala haziishi kwa mambo makubwa. Ada ya shule twaijua, kodi ya nyumba twaijua, maana twaziwaza siku nyingi kabla ya kuzitoa. Lakini ziko zile ndogo ndogo zisizohesabiwa: andazi la asubuhi, soda ya mchana, vocha ya jioni, bodaboda ya mwendo ambao miguu ingaliuweza. Wazee walisema, bandu bandu huisha gogo. Kabla hatujaanza, nyumbani kwetu tuliandika kila shilingi kwa muda wa mwezi mzima, tukaona ya kuwa vitu vya namna hiyo vilikula shilingi 1,500 kila siku. Kwa siku 30 ni shilingi 45,000. Tulistaajabu sana, kwa maana hapakuwa na hata mmoja wetu aliyeweza kusema zilinunua nini.

Tena siku hizi fedha hutoka bila kuonekana. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, watu wamezoea kulipa kwa kubonyeza tu. Ni msaada mkubwa, wala hatuukatai: mzazi aliye mbali hupeleka ada ya mtoto siku ile ile. Lakini mkono unaohesabu noti huona uchungu kidogo kabla ya kuziachia, na kidole hakioni uchungu huo. Isitoshe, simu hiyo hiyo huweza kumkopesha mtu usiku wa manane, bila shahidi, wala asiwepo wa kumwuliza, “Ndugu yangu, utalipa kwa nini?”

Sasa aibu yetu. Mwezi wa kwanza tulizishika siku zetu vema. Mwezi wa pili, siku ya Jumatano, tulipata wageni nyumbani, na sukari ilikuwa imekwisha. Tukamtuma mtoto dukani alete sukari na mkate, mwenye duka aandike katika daftari lake. Tulisema moyoni, “Fedha haikutoka, basi siku haikuvunjika.” Tukaitia siku ile alama katika kalenda, kama siku iliyoshikwa. Mlango ukiisha kufunguliwa hivyo ni vigumu kuufunga. Kabla ya mwisho wa mwezi tulikuwa tumefanya vile mara nne.

Desturi yetu ni kukutana jioni ya Jumapili ya mwisho, na kila nyumba huleta kalenda yake. Kalenda yetu ilikuwa na alama 8, wenzetu wakatusifu. Katika kikundi chetu yuko bibi mmoja, mjane, ambaye riziki yake ni kushona nguo. Yeye alileta kalenda yenye alama 5 tu, wala hakuona haya. Alipozitazama kalenda zote akauliza kwa upole, “Na katika daftari la dukani, mna alama ngapi?” Hakutuuliza sisi peke yetu, aliwauliza wote. Lakini sisi tuliona kama nguo yetu imevuliwa mbele za watu. Tukanyamaza kidogo, kisha tukasema kweli: deni letu dukani lilikuwa shilingi 9,200.

Tulingoja lawama, lakini lawama haikuja. Badala yake mwalimu mmoja, baba wa watoto watatu, akasema kwa sauti ndogo ya kuwa yeye pia ana neno. Siku zake zote 8 amezishika mchana, lakini usiku hukopa kwa simu ili alipe mkopo wa simu uliotangulia, na sasa mikopo ni minne. Mke wake alikuwa ameketi papo hapo, naye hakuwa na habari hata kidogo. Akainuka, akatoka nje.

Twawaambia kweli, wapenzi, saa ile tulidhani ya kuwa mkutano wetu umevunja nyumba ya watu. Hakuna aliyesema neno. Mama wawili walimfuata yule mwenzao, wakaketi naye chini ya mwembe, nasi tuliobaki ndani tukakaa na mumewe. Giza lilikuwa limekwisha kuingia aliporudi. Hakumkemea mumewe. Alimwuliza neno moja tu, “Ni kiasi gani?” Naye akataja. Ndipo mama yule akasema, “Deni naliweza. Kufichwa ndiko nisikokuweza.”

Hapo tulielewa kwa nini watu huanguka siku ya tatu. Si kwa sababu tamaa ya kununua ni kubwa mno, bali kwa sababu mtu aliyeanguka mara moja huficha, na aliyeficha yuko peke yake, naye aliye peke yake huanguka tena. Alama katika kalenda haina nguvu ya kumsaidia mtu. Mwenzake aijuaye hali yake ndiye awezaye kumsaidia.

Mtauliza, je, mlimlipia deni lake? La. Hatukuwa na uwezo, na hata tungalikuwa nao, labda angalikopa tena. Tulifanya mambo matatu. Mwalimu aliandika mikopo yake yote katika karatasi moja, mkewe akiona, tarehe za kulipa zikafuata. Nyumba zenye shamba zikawapelekea muhogo na mchicha, wapate kupitisha siku zao pasipo kwenda dukani. Tena mwalimu mwenziwe akashika desturi ya kumpitia kila jioni, si kumchunguza, bali kumwuliza tu, “Leo imekwendaje?” Leo tunapoandika, mikopo mitatu imekwisha, na mmoja umebaki. Sisi nasi tumelimaliza deni letu la dukani.

Jambo hili si geni ulimwenguni. Katika nchi ya Japani alikuwako bibi mmoja Mkristo, jina lake Hani Motoko, aliyezaliwa mwaka 1873, naye alikuwa mwandishi wa magazeti. Mwaka 1903 yeye na mumewe Yoshikazu walianza kuchapa gazeti la mambo ya nyumbani, na mwaka 1904 alitoa kitabu cha hesabu za nyumba, ambacho kwa lugha yao huitwa kakeibo. Mafundisho yake yalikuwa mepesi: kabla ya mwezi kuanza, gawa fedha kwa mafungu yake, hili la chakula, hili la nguo, hili la elimu, kisha andika kila kitokacho. Lakini neno tunalotaka mliangalie ni hili. Mwaka 1930 wasomaji wa gazeti lake waliunda chama chao cha nchi nzima, wapate kukutana na kujifunza pamoja mambo ya nyumba na hesabu zake. Kitabu walikuwa nacho tangu zamani, na kila mmoja angaliweza kukiandika peke yake chumbani. Hata hivyo waliona yafaa kuketi pamoja.

Basi twajibu barua zenu kwa maneno machache, kama tulivyojifunza kwa kuanguka kwetu.

Kukopa ni kununua. Kilichoandikwa dukani kihesabiwe kama kilicholipwa, na mkopo wa simu vivyo hivyo. Tena kumtuma jirani akununulie ni kununua.

Siku ya mfuko kufungwa huanza jana yake. Jioni tazameni chumvi, mafuta, unga na viberiti. Maharage yalowekwe usiku. Maji ya kunywa ya watoto yachemshwe mapema, wapate kuyachukua shuleni. Nyumba isiyojiandaa itakuwa na njaa saa sita, na njaa haishiki ahadi.

Msichague siku ya gulio, wala siku mnayojua ya kuwa mtasafiri. Wala msinunue vya siku mbili kwa pupa kesho yake, maana hapo hamkuacha kitu, mmekichelewesha tu.

Mtoto akiugua, mfuko ufunguliwe papo hapo. Dawa, nauli ya kwenda hospitali, na msiba wa jirani havina siku iliyofungwa. Vivyo hivyo sadaka na deni ambalo siku yake imefika. Twajifunza kuzuia mkono unaonunua ovyo. Hatujifunzi kuuzuia mkono unaotoa au unaolipa. Mgeni akija, apewe kilichopo kwa moyo mkunjufu. Sisi tungaliwapa wageni wetu wa Jumatano ile chai isiyo na sukari pamoja na machungwa ya uani, nao wasingalikasirika.

Mwalimu mmoja ameuliza, “Je, hatumdhuru mama auzaye mchicha njiani, ambaye naye ana watoto?” Ni swali la mtu mwenye huruma, nasi tulilifikiri sana. Jibu letu ni kwamba mboga za nyumbani hazikupungua, twamnunulia siku nyingine kama kawaida, tena sasa twamlipa taslimu, na zamani tulimwambia, “Tutakupa kesho.” Mwenye biashara ndogo huumizwa sana na mteja akopaye na kuchelewa.

Mama mwingine ameuliza fedha iliyosalia iwekwe wapi, kwa kuwa kila aiwekapo kabatini huipata imepungua. Hili nalo ni jambo la kusaidiana. Huko Niger, katika eneo la Maradi, mwaka 1991 wanawake wa vijijini walianza, kwa msaada wa shirika la CARE, vikundi vya kuweka akiba pamoja na kukopeshana, na namna hiyo imeenea katika nchi nyingi za Afrika hata kufika kwetu. Katika vikundi vingi sanduku la fedha lina kufuli tatu, na funguo zake zakaa kwa watu watatu mbalimbali, hata pasiwepo mtu awezaye kulifungua peke yake. Si kwamba watu wale ni wevi. Ni kwamba kila mmoja aujua udhaifu wake, akaona heri kuulinda kwa msaada wa wenziwe. Basi, ikiwa kwenu kiko kikundi cha namna hiyo, pelekeni huko fedha ya siku zenu siku ile ya kukutana. Kama hakipo, tafuteni mwenzenu mwaminifu wa kuishika pamoja nanyi.

La mwisho, juu ya namna ya kuulizana. Liko swali lisaidialo, na liko swali liumizalo. “Umeshindwa tena?” ni jiwe. “Leo imekwendaje?” ni mkono. Mume asimwulize mke kama hakimu, naye asiyeulizwa ni yeye. Wote wawili waweke hesabu zao mezani, na ya mume ifunguliwe kwanza. Watoto nao wasifichwe. Mtoto wetu aliyetumwa dukani siku ile alijua vizuri kuliko sisi ya kuwa alama ya kalenda ni ya uongo, na hilo ndilo lililotuchoma kuliko deni lenyewe. Tulimwita, tukamwambia ya kuwa tulikosa, tukafuta zile alama nne mbele yake. Akasema, “Basi tumebakiwa na nne.” Tukakubali. Ndizo tulizozishika kweli.

Mwezi ujao, wapendwa, tuna neno moja la kuwaomba. Msianze kwa kuhesabu siku. Anzeni kwa kutafuta mwenzenu mmoja, nyumba moja tu, mkubaliane kuambiana kweli kila jioni ya siku iliyofungwa. Chagueni siku 4 kama 8 ni nyingi. Kisha mtuandikie, si siku mlizoshinda tu, bali hata zile mlizoanguka, na ni nani aliyewainua. Hatutataja jina la mtu.

Yule mjane mwenye kushona ametuambia ya kuwa mwezi huu amefika siku 6. Twafurahi pamoja naye. Nanyi kaeni salama hata tutakapoonana tena katika ukurasa huu.