Fundi wa Mbao na Cheti Chake

Hapa Butembo twawaona vijana wakiacha karakana mara tu wajuapo kupiga randa na misumari. Kiti wanaweza kukiunda, kweli. Lakini mbao za libuyu na mvule zitokazo msitu wa Beni mara nyingi hufika zikiwa mbichi. Yapasa zipangwe chini ya paa, vijiti katikati, upepo upite miezi kadhaa. Asiyefundishwa hayo atauza mlango utakaopindika. Tena kuna hesabu ya pembe na vipimo, nayo haijifunzwi kwa kutazama tu! Shule za ufundi zafundisha, na INPP, iliyoundwa mwaka 1964, hutoa cheti cha mafunzo. Mwacheni mtoto amalize. Minervali ni nzito, twajua. Kwetu iliuzwa mbuzi.