Space Imejaa, Lakini Maiki Iko kwa Nani?

Unakumbuka Julai 5, 2024? Siku kumi tu baada ya waandamanaji kuingia Bungeni, Rais William Ruto alijiunga na Space ya X iliyoandaliwa na Osama Otero, akaulizwa maswali na vijana moja kwa moja. Hakukuwa na jukwaa, hema wala mzee wa mtaa wa kukuambia uketi chini. Ulihitaji simu na bando, basi.

Tangu hapo kila suala moto lina Space yake. Ni vizuri. Lakini ukweli usemwe: wengi wetu tunadhani kuwa ndani ya Space ni sawa na kusikizwa. Si sawa.

Hebu angalia inavyofanya kazi. Hata kama mko elfu ishirini, wanaoweza kuongea kwa wakati mmoja ni 13, akiwemo mwenyeji na wasaidizi wake wawili. Waliobaki ni wasikilizaji. Mwenyeji ndiye anayeamua nani apande, nani ashushwe na nani azimiwe maiki. Kwa maneno mengine, tumekimbia baraza la chifu tukajipatia chifu mwingine, ila huyu hana kofia.

Kwa hivyo ukiingia Space ya mwanasiasa, na zitakuwa nyingi kabla ya uchaguzi wa Agosti 10, 2027, usihesabu wasikilizaji. Hesabu waliopewa maiki. Je, kuna aliyeuliza swali gumu? Alipewa nafasi ya kuuliza la pili baada ya jibu kukwepa? Kama kila anayepanda anaanza kwa kumshukuru mheshimiwa, ujue uko kwenye tangazo.

Halafu kuna yule ambaye hayuko kabisa. Mama mboga mwenye kabambe, boda anayenunua bando la saa moja, rafiki yako aliyerudi ushago mahali mtandao unashikika ukipanda mlima. Kodi inawauma wao kwanza, lakini mjadala wa kodi unafanyika bila wao. Na hata sisi wenye simu kali tulipata funzo Juni 25, 2024, intaneti ilipoyumba nchini maandamano yakiwa yamepamba moto. Siku moja tu kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema haina nia ya kuizima.

Suluhu haihitaji pesa nyingi. Kama wewe ndiye unaandaa, simu moja iwe kwenye Space, ya pili, hata kabambe, iwekwe spika kando yake. Tangaza nambari wiki moja mapema, tena iwe laini ya kazi hiyo, si yako ya kila siku. Asiye na bando abipu, wewe umpigie zamu yake ikifika. Kwa kikundi kidogo, simu nyingi zinaweza kuunganisha watu watatu hadi watano kwenye mazungumzo mamoja bila intaneti yoyote. Anayelipa ni anayepiga, kwa hivyo changeni kredo kama mnavyochanga ya matanga.

Kisha mpange kikao. Swali liwe moja. Kila mtu dakika mbili, na saa isimwonee aibu yeyote. Baada ya wanaume wawili, mtafute mwanamke, maana tunajua sauti zipi hujaa usiku. Na awepo mtu mmoja ambaye haongei, anaandika tu.

Huyo anayeandika ndiye muhimu kuliko wote. Katiba, Kifungu cha 221, inaitaka kamati ya Bunge inayokagua makadirio ya bajeti kutafuta maoni ya wananchi. Kamati haisomi hasira zako za saa sita usiku. Inapokea memoranda: karatasi moja yenye kipengele mnachokipinga, sababu na mnachotaka badala yake. Saa tatu za Space bila karatasi hiyo ni kelele zilizokula bando.

Tulishaona nguvu ya kujipanga. Mwaka 2024 vijana waliufasiri Mswada wa Fedha kwa lugha za nyumbani, wakausambaza, wakaujadili hadi usiku. Juni 18, serikali ikatupa ushuru wa mkate na ule wa magari wa asilimia 2.5. Nane siku baadaye, Rais akakataa kutia sahihi mswada wote. Lakini kuna waliolipa kwa maisha yao barabarani. Tunawadai zaidi ya mazungumzo matamu.

Sasa basi, wiki hii ukiona Space imejaa, ingia. Omba maiki. Ukinyimwa, uliza kwenye maoni: nani anaandika, na karatasi inapelekwa wapi? Kama hakuna jibu, fungua yako. Watu ishirini wenye ajenda wanatosha.