Tukate au Tusikate? Mtihani wa Wakili wa Kampuni

Ukitaja wakili, wengi wetu twafikiria joho jeusi na korti. Lakini yuko mwingine, aliyeajiriwa na hoteli kule Nyali au kampuni ya mizigo hapa Kilindini, na kazi yake ni kumwambia mkurugenzi sheria inataka nini leo.

Leo, nasema, kwa sababu kesho huenda ikageuka. Chukua tozo ya nyumba. Ilianza Julai 2023, asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri aongeze kiasi hicho hicho. Novemba 28 Mahakama Kuu ikasema inakiuka Katiba, ila ikaacha makato yaendelee hadi Januari 10. Januari 26, 2024, Mahakama ya Rufaa ikakataa kuyaruhusu yaendelee. Machi yakarudi kwa sheria mpya.

Miezi yote hiyo mhasibu anabisha mlango: tukate au tusikate? Ukikata bila sheria, wafanyakazi wana haki ya kushtaki. Usipokata, KRA inakudai pamoja na adhabu. Na anayetoa jibu analipwa na bosi yule yule anayetaka jibu lisilo na gharama. (Msimu wa watalii ukilala, nani hupunguzwa kwanza? Twamjua.)

Mimi naona ushauri wake uandikwe, na ufike kwenye bodi bila kuchujwa na meneja. Nao wafanyakazi waelezwe kwa barua makato ya mwezi huo yamesimama juu ya sheria ipi.