Orodha yako ya albamu bora za 2020 imeisahau Nuu

Desemba imefika na kila mtu ana orodha. Ukifungua Twitter ni albamu kumi bora za mwaka. Ukienda Instagram ni yale yale. Mbogi yako ya WhatsApp nayo inabishana tangu juzi kama "Twice As Tall" ya Burna Boy imeshinda "Made in Lagos" ya Wizkid. Mimi pia nina yangu. Tofauti ni kwamba yangu niliianzia Nuu, na jambo hilo limeivuruga kabisa. Hebu nisikize kidogo kabla hujachapisha yako.

Kama hujawahi kufika Nuu, panda gari la Mwingi kutoka Nairobi, kisha ukifika Mwingi uliza gari la kuingia ndani, huko mashariki ya Kitui. Utauona mlima kabla ya kuona soko. Nilienda huko Machi masomo yaliposimamishwa, nikiwa na begi moja na imani kwamba ni wiki mbili tu. Aprili 6 Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, hadi Julai. Wengi wenu mnaijua hadithi hii kwa sababu ni yenu pia: ushago, simu moja, bando la kuhesabu, na muda mwingi kuliko ulivyowahi kuwa nao maishani. Kitui yenyewe ilikuwa imeuanza mwaka na nzige, watu wakipiga madebe na masufuria kuwafukuza mashambani. Ukitaka kujua ngoma ya kwanza ya 2020 kule ilikuwa ipi, ndiyo hiyo.

Basi tuanze na orodha yenyewe, usije ukasema nakuzungusha.

Kwanza ni "Lucky You" ya Nyashinski, iliyotoka Januari kabla dunia haijageuka. Huyu ndiye yule wa Kleptomaniax aliyetuacha akaenda Marekani, akaendesha malori, kisha akarudi 2016 na "Now You Know" kama mtu aliyekuwa ametoka tu kununua mkate. Hii ndiyo albamu yake ya kwanza akiwa peke yake. Wimbo wa "Hayawani" niliurudia mpaka majirani wakaujua. Kiswahili chake hakikimbii. Kinakungoja ukielewe.

Pili, "Midnight Train" ya Sauti Sol, iliyotoka Juni 5, albamu yao ya tano. Watu walishikilia "Suzanna" na "Insecure", sawa. Mimi nakuomba urudie "Disco Matanga", walioifanya na Sho Madjozi na Black Motion. Disco matanga ni ile densi ya usiku kwenye matanga kule Magharibi. Wimbo huo ulitoka wakati mazishi yalikuwa ya watu 15 na hakuna kukesha. Sidhani walipanga hivyo, lakini niliusikia kama kumbukumbu ya kitu tulichonyang'anywa.

Tatu, "Victims of Madness" ya Wakadinali. Scar, Domani Munga na Sewersydaa hawajali kama unaelewa sheng yao ama la. Hii si ya kucheza mbele ya mama. Lakini kama unataka kujua Eastlands iliongea vipi mwaka huu bila kutafsiriwa na mtu, ushahidi ni huo.

Nne, "I Am Zuchu". Najua, najua, ni EP ya nyimbo saba, si albamu. Tutalirudia hilo. Kwa sasa sikiza "Mauzauza", pale binti anapoimba na mamake, Khadija Kopa, malkia wa taarab. Vizazi viwili vya Zanzibar kwenye wimbo mmoja, na hakuna anayemwonea mwenzake haya.

Tano, "Peel" ya KMRU. Hii haina ngoma, haina koras, haina maneno, na inachukua zaidi ya saa moja. Niliiweka kwenye spika jioni moja, mjomba akavumilia kama dakika nne hivi kisha akaniambia, "Kijana, hiyo redio imepoteza steisheni, hebu itafutie." Nilicheka, lakini baadaye nilimwambia aliyeitengeneza ni mjukuu wa Joseph Kamaru, yule mwimbaji mkubwa wa benga ya Kikuyu aliyefariki 2018, na kwamba kijana huyo amekuwa akizirudisha nyimbo za babu yake kwenye intaneti ili zisipotee. Mjomba akanyamaza. Kisha akauliza swali ambalo limenisumbua tangu siku hiyo: "Na zetu nani anaziweka?"

Hapo ndipo orodha yangu ilianza kuharibika.

Kwa sababu ukiniuliza nilipenda albamu gani, nitakupa hizo tano bila kusita, na kama una masikio ya chuma nitakuongezea "Duma", ile kelele tamu ya vijana wawili wa Nairobi iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Lakini ukiniuliza nilisikiza nini mwaka huu, kwa saa, jibu ni jingine. Nilisikiza benga ya Kikamba. Asubuhi ilikuwa Musyi FM kwenye redio ya jikoni. Mchana bodaboda sokoni na spika imefungwa kwa mpira wa tairi. Jioni ilikuwa kadi yangu ya simu, ambayo kijana mmoja wa duka la simu alinijazia nyimbo kwa shilingi 100. Mle ndani kulikuwa na Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, Peter Mwambi na Kyanganga Boys, Kalambya Sisters, kisha unarukishwa miaka thelathini hadi kina Ken wa Maria na Katombi. Zote zimechanganywa. Nusu ya faili hazina hata jina la mwimbaji.

Na hakuna hata mmoja wao aliyeingia kwenye orodha yangu. Nilijiuliza kwa nini, nikapata sababu mbili, na zote mbili zinakuhusu wewe pia.

Sababu ya kwanza ni hilo neno "albamu". Benga haijawahi kuishi kwa albamu. Enzi za Kakai Kilonzo, aliyefariki 1987, muziki ulitoka kwa sahani ndogo: wimbo upande huu, na mara nyingi ukigeuza unakuta ni wimbo ule ule unaendelea, gitaa sasa likiwa limefunguliwa mbio. Sahani ziliuzwa River Road. Zikaja kaseti, zikaja CD, na leo ni video ya YouTube na Skiza. Kwa hivyo ukisema "albamu bora", tayari umemfungia nje mwimbaji wa Ukambani kabla hajafungua mdomo. Utaniambia sheria ni sheria. Lakini wewe na mimi tumetoka kumpitisha Zuchu na EP yake ya nyimbo saba, na hakuna aliyelalamika. Sheria tunaijua kuipinda. Tunaipinda kwa wale ambao tayari wanaonekana.

Sababu ya pili ni mbaya zaidi, na inabidi nijiweke mbele. Ile shilingi 100 niliyolipa, kijana wa duka alichukua yote. Simlaumu sana, naye anatafuta. Lakini waimbaji walioninywesha muziki miezi minne hawakupata hata ndururu. Msanii ambaye albamu yake naisifu hapa, kila nilipomsikiza kwenye programu ya simu alipata angalau kitu kidogo. Wale niliowasikiza zaidi walipata sufuri. Kwa maneno mengine, niliwaibia niliowapenda zaidi.

Na huu haukuwa mwaka wa kuibia mwanamuziki. Benga inakula kwa shoo za usiku: baa, harusi, sherehe za sokoni. Machi baa zilifungwa, kafyu ikaanza, na mlango wa jikoni ukafungwa hapo. Mrabaha nao tunaujua. 2019 wanachama wa MCSK walipokea mgao wa shilingi 2,530 kila mmoja, na makelele yaliyofuata unayakumbuka. Aprili mwaka huu Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shilingi milioni 100 za kuwasaidia wasanii. Ni sawa, lakini msaada wa dharura haugeuki kuwa mshahara. Na usiniambie muziki wetu hauna pesa. Septemba kampuni ya Mdundo, iliyozaliwa hapa Nairobi, iliingia soko la hisa la Copenhagen. Kuna watu Denmark wanaoamini kwamba masikio yako na yangu ni mali. Swali ni kama anayeyaburudisha atapata sehemu yake.

Nasikia pingamizi zako. Ya kwanza: "Mimi sielewi Kikamba." Haya. Mwaka huu ulicheza "Jerusalema" ya Master KG na Nomcebo, ukajirekodi kabisa, mguu huku, mguu kule. Kizulu ulijifunza lini? Burna Boy akiingia Kiyoruba huwa unatafuta kamusi? Mwili wako haukuwahi kuuliza lugha. Anayeuliza ni aibu, ile ya kuonekana mshamba mbele ya marafiki.

Ya pili: "Benga zote zinafanana." Hivyo ndivyo mjomba alivyosema kuhusu drill. Mpe dakika kumi mtu anayeijua akusikizishe, utaanza kutofautisha gitaa la mtu na mtu jinsi unavyotofautisha sauti za rafiki zako kwenye simu.

Ya tatu ina ukweli, na sitaikwepa. Si kila benga ni tamu. Nyingine ni majina ya wafanyabiashara mwanzo hadi mwisho, fulani wa hadiwea, fulani wa matatu, mpaka unasahau wimbo ulikuwa unahusu nini. Lakini jiulize ni kwa nini. Mara nyingi anayetajwa ndiye aliyechangia gharama ya studio. Sisi wasikilizaji tukikataa kulipa, mwimbaji atamwimbia anayelipa. Basi tukilalamika kwamba nyimbo zimejaa salamu za matajiri, tukumbuke nani aliyewaachia kiti.

Sasa ninachokuomba ni kidogo. Ukiandika orodha yako wiki hii, usiandike ya kuonyesha watu. Angalia simu yako ilicheza nini kweli, hata kama inakuaibisha. Acha nafasi moja, moja tu kati ya kumi, kwa muziki wa lugha ya kwenu: ohangla, mugithi, chakacha, benga ya Ukambani, chochote nyanya yako anachokitambua. Na huyo utakayempa nafasi hiyo, mlipe. Mtazame kwenye chaneli yake mwenyewe, si kwa yule aliyeipakua na kuipandisha tena kwa jina lake. Nunua Skiza yake. Wengine huweka nambari ya simu kwenye video, na wewe una M-Pesa mkononi saa zote.

Mimi nilijaribu. Kabla ya kurudi Nairobi nilirudi kwa lile duka nikamchezea kijana wimbo wa tatu kwenye kadi yangu, ule nilioupenda kuliko yote, faili iliyoandikwa tu "Track 03". Hakujua ni wa nani. Nikampelekea mjomba. Gitaa halikuwa limemaliza hata mzunguko mmoja, akataja jina la mwimbaji, na kwao, na akaniambia aliwahi kumwona akipiga hapo sokoni usiku kucha. Tukatafuta chaneli yake. Video ilikuwa ya zamani, watazamaji wachache, nambari ya simu iko chini kwa herufi nyekundu. Nilituma shilingi 100, ile ile niliyompa kijana wa duka. Nusu saa baadaye ujumbe ukaingia: "Asante. Wewe ni nani?"

Nilimjibu kwamba mimi ni msikilizaji tu. Kisha nikafungua orodha yangu, nikamsogeza Nyashinski chini nafasi moja, nikaandika jina lake pale juu. Kama utaniambia si albamu, uko sahihi. Lakini ndio muziki uliobeba mwaka wangu, na safari hii nimeulipia.

Yako ikiwa tayari, tuonyeshe. Tutaangalia kwanza ile nafasi moja.